Asumini kwenye Mita 1,700

Ukisoma ushairi wa Kiswahili utadhani nchi nzima inanukia asumini. Lakini ua hilo ni la pwani, la vikuba na vitanda vya maharusi. Hata huko lilifika kwa bahari kutoka Asia, na jina lake ni la Kiajemi. Wengi wetu wa Mbeya na Iringa tulilijua vitabuni kabla ya kulinusa.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, iliisogeza pwani. Kipando kilichofungwa kwenye kitambaa kibichi kinafika Mbeya kikiwa hai kabisa.

Shida ni Juni. Kwenye mita 1,700 usiku unashuka chini ya nyuzi 10. Iringa nako, upepo wa kilimani unamalizia kazi. Majani ya mwasumini yanageuka manjano, yanadondoka. Wangu umo kwenye kopo la mafuta ya kula, basi nauingiza jikoni. Maji kidogo tu, mbolea hapana, mpaka Septemba joto lirudi. Mlangilangi? Usijisumbue, huo unataka joto la Pemba.

Na jirani yetu kuna Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, wanayoiita Bustani ya Mungu. Okidi zake hulala ardhini msimu wa baridi, mvua zikija zinachanua, hazidai jiko la mtu. Viazi vyake vinachimbwa, vinavushwa Zambia kuliwa kama chikanda. Katika mashairi niliyosomeshwa shuleni, sikulikuta hata ua moja la huko.