Kupanda Kanisa: Istilahi Moja, Kazi Mbili

Katika mabango ya semina na taarifa za mwaka za madhehebu mengi ya Afrika Mashariki, maneno "kupanda kanisa" hayahitaji tena kufafanuliwa. Mchungaji akitangaza kwamba kanisa lake limepanda makanisa matatu wilayani, wasikilizaji wanaelewa kuwa waumini wamekusanywa mahali ambapo dhehebu hilo halikuwa na ibada, na kwamba kuna kanisa lililotangulia ambalo limetoa watu, fedha na usimamizi. Hilo lililotangulia huitwa kanisa mama. Istilahi hii imezoeleka, lakini inataja nusu tu ya kazi, na nusu inayoachwa nje ndiyo inayokula miaka.

Chimbuko lake ni shamba. Katika sura ya tatu ya waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, Mtume Paulo anajieleza kuwa mpandaji, anamtaja Apolo kuwa ndiye aliyetia maji, na ukuaji anauacha mikononi mwa Mungu. Wanateolojia wa Ulaya waliichukua lugha hiyo wakaifanya istilahi. Gisbertus Voetius, mwalimu wa teolojia wa Utrecht nchini Uholanzi katika karne ya 17, aliweka plantatio ecclesiae, yaani upandaji wa kanisa, miongoni mwa makusudi matatu ya umisionari, pamoja na kuongoka kwa mataifa na utukufu wa Mungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, katika hati ya Ad Gentes ya Desemba 1965, uliutaja uinjilishaji na kupandwa kwa Kanisa kuwa lengo la kazi ya kimisionari kwa watu ambao Kanisa halijaota mizizi kwao.

Hapa pana tofauti inayofaa kuangaliwa. Kwa Mkatoliki anayesoma hati ile, kinachopandwa ni Kanisa zima ndani ya taifa au kabila: waumini, makatekista, mapadre wazawa, hatimaye askofu. Kwa Mpentekoste wa Mwanza au Nakuru, kinachopandwa ni kusanyiko moja, pengine la kaya kumi, lenye mchungaji wake na viti vya kuazima. Neno ni lile lile, ukubwa wa kitu unatofautiana mno, na mazungumzo kati ya madhehebu hupotea njia kwa sababu hiyo.

Kiswahili chenyewe kimeongeza utata wake. Kuna panda ya mahindi na panda ya mlima, na kamusi huyaweka maneno haya katika vidahizo tofauti. Kitenzi hakiletei shida, kwa kuwa hakuna anayesikia "wamepanda kanisa" akawaza watu walio juu ya paa. Shida huja kwenye jina la mtendaji. Masikio yaliyozoea "mpanda farasi" na "mpanda mlima" hayatulii yakisikia "mpanda makanisa", ndiyo maana "mpandaji wa makanisa" linakubalika zaidi, na vijijini watu humwita tu mwinjilisti au katekista.

Jambo zito zaidi ni hili: kupanda hutupeleka haraka kwenye mbegu, kitu kidogo kinachofukiwa na kuachiwa mvua. Kanisa linaloanzishwa kwa msaada wa kanisa jingine halianzi hivyo. Linafanana zaidi na mgomba, ambao mkulima wa Bukoba au Kilimanjaro huupata kwa kung'oa chipukizi lenye mizizi yake kutoka kwenye shina mama. Chipukizi huja na uhai wa mahali lilipotoka.

Madhehebu yenyewe yaliliona hilo mapema, maana yana maneno ya ndani yanayoeleza safari nzima vizuri kuliko istilahi ya semina. Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba ya Kilutheri, kanisa changa ni mtaa. Mtaa uko chini ya usharika, usharika una mchungaji, na juu yake kuna jimbo na dayosisi. Kwa Wakatoliki wa Tanzania, familia za jirani hukutana katika jumuiya ndogo ndogo, mpango ambao maaskofu wa Afrika Mashariki waliupa kipaumbele katika mikutano yao ya miaka ya 1970. Jumuiya huunda kigango, kigango kikikua huweza kuwa parokia teule, kisha parokia kamili. Msomaji awe mwangalifu na neno jimbo: kwa Mkatoliki ni eneo lote la askofu, kwa Mlutheri ni sehemu tu ya dayosisi. Na kigango, ukivuka kwenda Kilifi, kwa Wagiriama ni nguzo ya mbao iliyochongwa kwa kumbukumbu ya marehemu.

Kenya ina neno jingine zuri. Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, PCEA, huyaita maeneo yake ya umisheni "nendeni", kwa amri ya Yesu mwishoni mwa Injili ya Mathayo. Kitenzi cha amri kimekuwa jina la mahali. Anayesema "kanisa letu lina nendeni" anakuwa amekwisha kutaja wajibu kabla hajataja eneo.

Mtaa wa Kilutheri ukitazamwa kwa karibu, unaonyesha kile ambacho neno kupanda halisemi. Ibada huanza kwenye darasa la shule ya msingi au chini ya mwembe. Mwinjilisti huongoza sala, huhubiri na kufundisha watoto wa kipaimara, lakini Chakula cha Bwana humsubiri mchungaji, ambaye ana mitaa mingine ya kuzungukia. Baada ya ibada hufanyika mnada. Mzee wa kanisa humwinua kuku aliyefungwa miguu, mmoja hutaja bei, mwingine huongeza, na mara nyingi aliyemnunua humrudisha anadiwe tena ili sadaka iongezeke. Mkungu wa ndizi, mayai, debe la mahindi, vyote hupita hapo. Sehemu ya mapato hupelekwa usharikani, na usharika nao husaidia posho ya mwinjilisti na mabati ya jengo. Hesabu hii ya kupeleka na kupokea ndiyo uti wa mgongo wa uhusiano wa mama na mtoto, nayo ndiyo huzua manung'uniko mengi mtaa unapoanza kuhisi kwamba unatoa zaidi ya unachopata.

Siku mtaa unapopandishwa hadhi kuwa usharika, bendi ya matarumbeta hupiga, askofu au mwakilishi wake huja, na panda ile ya pili, ya kwenda juu, inaingia kazini.

Historia inathibitisha kwamba kuanza ni rahisi kuliko kudumu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Kanisa la Anglikana alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wengi wakitamani kurudi upande wa Ziwa Nyasa kwenye asili yao. Kundi lilifika Masasi likapenda pale, na Steere akakubali waanzishe makazi na kanisa. Miaka sita baadaye uvamizi wa Wangoni uliuteketeza mji huo mchanga. Kazi ilianzwa upya kwa msaada wa dayosisi iliyokuwa Unguja, na Masasi haikupata dayosisi yake hadi 1926.

Mfano wa Mboga, ng'ambo ya mto Semliki katika Ituri ya leo nchini Kongo, unagusa zaidi. Walimu wawili Waganda walitangulia huko, wakaondoka baada ya mtawala Tabaro kuzuia wasipewe chakula. Mwishoni mwa 1896 kanisa la Toro, ambalo nalo lilikuwa limezaliwa juzi tu kutokana na kanisa la Buganda, lilimtuma Mganda aliyebatizwa mwaka uliotangulia. Jina alilolichagua katika ubatizo lilikuwa Apolo, la yule aliyetia maji. Apolo Kivebulaya alipigwa, akafungwa kwa tuhuma za uongo, akarudi. Tabaro mwenyewe akaja kubatizwa. Baadaye Kivebulaya alitumika Toro kwa miaka mingi, kisha akarejea Mboga na kufia huko mwaka 1933. Mboga ilipata askofu wake mwaka 1972, miaka 76 tangu alipofika, na Waanglikana wa nchi hiyo wakawa jimbo kuu linalojitegemea mwaka 1992. Hakuna taarifa ya mwaka mmoja ambayo ingeweza kuonyesha kazi ya namna hiyo.

Hata hivyo malezi yana hatari yake. Katikati ya karne ya 19 viongozi wa mashirika ya umisionari, Henry Venn wa Uingereza na Rufus Anderson wa Marekani, walitaja alama tatu za kanisa lililokomaa, ambazo Kiswahili kinaziweza kwa ufupi wa kupendeza: kujitawala, kujitegemea, kujieneza. Roland Allen, aliyekuwa mmisionari wa Kianglikana nchini China, aliandika mwaka 1912 kitabu kilichowauliza wamisionari kama mbinu wanazotumia ni za Mtakatifu Paulo au ni zao wenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba Paulo hakukaa sana mahali pamoja. Alifundisha, akaweka wazee wa pale pale, akaondoka. Wamisionari wa siku za Allen walilea bila kikomo. Allen alimalizia maisha yake Nairobi, ambako alifariki mwaka 1947, naye alijifunza Kiswahili kiasi cha kufasiri kwa Kiingereza tenzi za kale, ukiwemo Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani.

John Gatu, katibu mkuu wa PCEA, aliligeuza swali hilo kuwa dai la hadharani mwaka 1971, alipotaka wamisionari na fedha za nje zisitishwe ili makanisa ya Afrika yasimame kwa miguu yake. Usharika wa mjini unaoshikilia mtaa wake wa kijijini kwa miaka mingi, kwa kuwa sadaka ya huko inaujazia bajeti, unastahili kuulizwa swali hilo hilo.

Kwa hiyo "kupanda kanisa" libaki. Limekita, lina mzizi katika Maandiko, na linaeleweka kuanzia Lamu hadi Lubumbashi. Lakini litumike kwa tendo la kuanza tu. Kwa miaka inayofuata tuna kitenzi kulea, na "malezi ya kanisa changa" ni istilahi isiyohitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote aliyepata kulelewa. "Kufungua tawi", usemi unaopendwa na baadhi ya makanisa ya mijini, ubakie kwa yale ambayo kweli yatakuwa matawi daima, yenye uamuzi na akaunti moja makao makuu. Kuliita tawi kanisa ambalo limeahidiwa kujitegemea ni kuwachanganya waumini wanaolijenga kwa michango yao.

Makatibu wa sharika, parokia na makanisa mama wanaoandaa taarifa za mwaka wanaombwa jambo moja dogo. Pembeni ya safu ya makanisa yaliyopandwa, waweke safu mbili: mwaka lilipopandwa, na mwaka lilipokabidhiwa uongozi na fedha zake. Kama safu ya pili ni tupu kwa kanisa lenye umri wa miaka 15, halmashauri iulize kwa nini, na iulize mbele ya wazee wa kanisa hilo.