Neno "Hasi" katika Upimaji wa Maji ya Uti wa Mgongo

Istilahi ya tiba ikibeba maana mbili, mkanganyiko wake huweza kumfikia mgonjwa. Neno hasi, kama litumikavyo katika kuchunguza homa ya uti wa mgongo, ni mfano mmojawapo.

Mwaka 1884, mjini Berlin, daktari Mdenmark Hans Christian Gram alitia bakteria rangi ya zambarau, akafuatisha iodini, kisha akawaosha kwa alkoholi. Baadhi walibaki na zambarau yao, wengine waliipoteza. Rangi nyekundu ya kuwadhihirisha hao wa pili iliongezwa baadaye. Wa kwanza wakaitwa Gram chanya, na wa pili Gram hasi. Mwaka 1887, mjini Vienna, Anton Weichselbaum alieleza meningokoki, mmoja wa bakteria waletao homa hiyo, naye ni Gram hasi. Mwaka 1891 Heinrich Quincke wa Kiel alieleza namna ya kutoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano kiunoni, na maji ya mgonjwa aliye hai yakaweza kupelekwa maabara.

Kuotesha bakteria huchukua siku moja au zaidi, ilhali homa hii huweza kuua kwa saa chache. Ndiyo maana rangi ya Gram, itoayo jibu kwa dakika, ingali na thamani. Katika miaka ya 1970 kiliongezeka kipimo kingine cha haraka: chembe ndogo za plastiki zilizovikwa kingamwili huchanganywa na tone la maji hayo. Zikikutana na antijeni za bakteria, hushikamana, na mabonge yake huonekana kwa macho. Zisiposhikamana, jibu huandikwa hasi.

Hapa ndipo penye hatari. Gram hasi maana yake bakteria ameonekana; kipimo hasi maana yake antijeni hazikuonekana. Tena antijeni zikiwa chache mno, kipimo hicho huweza kuzikosa, na ugonjwa ungalipo.

Kwa hiyo yafaa istilahi Gram hasi ibaki, kwa kuwa ni ya kimataifa, lakini ifuatane na maelezo: "bakteria wekundu wameonekana." Kwa kipimo cha chembe, iandikwe "antijeni hazikuonekana," wala si hasi pekee. Kiswahili hutenga kutoonekana na kutokuwapo. Cheti cha maabara nacho kitenge hivyo.