Mti Uliokula Seng'enge

Bledi ya mjomba ilipoteza meno matatu Jumamosi moja saa nne asubuhi, nyuma ya nyumba ya Kogo, upande wa Bomet ambako kashamba ketu kanapakana na chai ya kampuni. Tulikuwa tunapasua gogo la mgrivea. Kogo alitaka meza ya kulia, na mimi niliyetoka Nairobi kwa likizo ya wiki moja nikajitolea kusukuma mbao.

Mlio ulikuwa mmoja tu, mkali, kama sufuria iliyoangukia simiti. Mjomba akazima mashine, akangoja bledi isimame kabisa, kisha akainama. Ndani ya mti, karibu vidole vinne kutoka kwenye gome, kulikuwa na kipande cha seng'enge na msumari mmoja mweusi kwa kutu. Mti ulikuwa umeumeza mzima.

Kogo akaletwa aone. Akakigusa kile chuma, akasema, "Baba yangu ndiye alikuwa anagongomea hizi waya. Walikuwa wanalipwa kwa siku." Halafu akarudi jikoni.

Mjomba naye akanigeukia. "Hii bledi ulinunua wapi?"

Niliinunua mimi, ndiyo. Bei ya kutupa, njiani, bila kuuliza swali. Basi Jumatatu nikatumwa Kericho kutafuta nyingine, na safari hii nikauliza maswali. Nimegundua kwamba ukiuliza vizuri kuhusu bledi katika nchi ya chai, utajibiwa historia.

Tuanze na shimo. Kabla ya injini, gogo liliwekwa juu ya shimo, fundi mmoja akasimama juu na mwenzake chini, wakavutana msumeno mrefu kutwa nzima. Wa chini ndiye aliyekula vumbi. Msumeno wa duara si kitu kipya: hataza aliyopewa Mwingereza Samuel Miller mwaka 1777 tayari inautaja. Lakini duara hilo linahitaji nguvu ya kulizungusha, na ufundi wa kulitunza, na vyote viwili vilichelewa kufika kwetu.

Vilikuja na reli. Reli ya Uganda ilifika ziwani Desemba 1901, ikipitia Lumbwa, stesheni tunayoiita leo Kipkelion. Pamoja na vibarua walikuja maseremala na wahunzi wa Punjab, wengi wao Wasikh, watu ambao Kenya nzima imewaita Kalasinga. Mjini Kericho, Wasikh waliendesha Kericho Wagon Works, karakana ya magari ya kukokotwa. Mmoja wao, Puran Singh, baadaye alihamia Uingereza akawa kiongozi wa dini, na hadi leo waumini wake wanamwita Kerichowale, yaani yule wa Kericho. Gurdwara kubwa ya mji ndiyo inayomkumbuka. Nilipita hapo nikienda hadware, nikawaza: mahujaji wanatoka Birmingham kuja kumheshimu mtu wa karakana, na mimi nimepita hapa miaka yote nikidhani ni jengo zuri tu.

Halafu chai. Baada ya Vita vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 karibu na Kericho kwa maofisa Waingereza waliojeruhiwa vitani, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai yakaingia: Brooke Bond na James Finlay. Wakipsigis waliokuwa wakiishi na kuchunga humo walisukumwa kwenye hifadhi au wakabaki kama vibarua. Mwaka 1934 sheria maalum ikatungwa ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai hadi Gwassi, kando ya ziwa. Mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Talai walipeleka madai yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Kwa hiyo hii si hadithi ya zamani. Seng'enge ndiyo iliyochora mistari hiyo.

Miti nayo ilibadilika. Wazee walijua tarakwet na saptet, yaani mwerezi na podo, za msitu wa Mau. Makampuni yalipanda blugamu kwa ajili ya kuni, kwa sababu majani ya chai hukaushwa kwa joto na viwanda hula kuni bila kushiba. Mgrivea ulipandwa kama kivuli cha chai na mpaka wa shamba. Yote miwili asili yake ni Australia. Na Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma, mafundi waliokuwa wakitegemea saipresi na paini walizidi kuitazama miti ya mipakani. Ndivyo msumeno na seng'enge vinavyokutana.

Sasa meno yenyewe. Zamani bledi ilikuwa chuma kitupu. Ikiisha makali, fundi aliketi na tupa yake akanoa jino moja moja. Lakini mwaka 1926, wakati uleule chai ikishika mizizi Kericho, kampuni ya Krupp ya Ujerumani ilianza kuuza kabaidi ya tangsteni kwa jina la Widia, kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi". Bledi za leo zina ncha za kabaidi zilizochomelewa kwenye kila jino. Hudumu muda mrefu kuliko chuma, lakini ni ngumu kama glasi ilivyo ngumu: zikigonga msumari haziinami, zinaruka. Tena tupa haiziwezi, lazima jiwe la almasi. Mjomba anayo tupa ya baba yake, imetundikwa ukutani. Haina kazi tena.

"Ya meno mangapi?" akaniuliza muuzaji. Hapo ndipo nilipokwama mara ya kwanza. Kwa bledi ya inchi 10, meno 24 ni ya kupasua kufuata nyuzi za mti: mabonde kati ya meno ni makubwa, vumbi linatoka, mashine haihemi. Meno 60 hadi 80 ni ya kukata kwa kukingama, kazi safi, lakini ukiyapasulia ubao mnene yataunguza mbao. Meno 40 au 50 ni ya katikati, ya mtu mwenye bledi moja na kazi nyingi. Hiyo ndiyo tulihitaji.

Kisha tundu la katikati. Kuna la milimita 30, kuna la 25.4, kuna la Kimarekani la 15.88. Yetu ni 30. Usikubali kuambiwa "itaingia tu". Soma pia kasi iliyoandikwa kwenye bledi, ilingane na mashine. Bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ncha ya jino inakwenda takribani kilomita 190 kwa saa. Hakuna matatu ya Kericho inayofika huko. Mwisho tazama ncha: ziwe nene ili ziweze kunolewa tena, na uunganisho wake usiwe na matundu. Ile bledi yangu ya bei ya kutupa ilikuwa na ncha nyembamba kama kucha.

Na blugamu ina tabia yake. Ukiipasua, ubao hujikunja na kuibana bledi, nayo inaweza kukurushia mbao kifuani. Ndiyo maana nyuma ya bledi huwekwa kisu cha chuma cha kuutenganisha mpasuo. Mashine yetu haikuwa nacho. Mjomba ana kidole kifupi mkono wa kushoto, na sikuwahi kuuliza kwa nini. Jumanne kabla ya kuwasha, nikauliza. "Blugamu," akasema. Tukamtafuta mchomeleaji, tukakaa siku nzima bila kupasua chochote.

Jumatano tulimaliza. Kila ubao tulipitishia sumaku iliyotoka kwenye spika ya redio mbovu, na mara mbili ikang'ang'ania. Ule ubao wenye doa la kutu mjomba alitaka autupe. Kogo akakataa. Uko upande wa ukutani, pale anapokaa yeye, na ile seng'enge ameiweka kwenye mkebe wa vifungo, pamoja na kipande cha baba yake.

Kipande, kwa wenzangu mliozaliwa juzi, ni kile kitambulisho cha kikoloni ambacho Mwafrika mwanamume alilazimika kutembea nacho.