Njia za kufika London na kuingia mjini

MSAFIRI anayetoka Kenya kwenda London ana mambo mawili ya kuamua: namna ya kufika Uingereza, na namna ya kutoka kwenye uwanja wa ndege hadi katikati ya jiji. Wengi hulitafakari la kwanza na kulisahau la pili, ilhali ndilo linaloweza kummalizia mgeni akiba yake siku ya kwanza.

Ndege za moja kwa moja kutoka JKIA, Nairobi, hadi Heathrow huendeshwa na Kenya Airways na British Airways. Safari huchukua takriban saa tisa. London huwa nyuma ya Nairobi kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi.

Wapo pia wanaobadilisha ndege Addis Ababa, Doha, Dubai, Istanbul au Amsterdam. Mara nyingi nauli huwa nafuu, lakini wahenga walisema rahisi ghali. Mwenye tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali huenda akalazimika kuchukua mizigo yake njiani na kuisajili upya, jambo linalohitaji kibali cha kuingia nchi hiyo. Aidha, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halilazimiki kumngoja wala kumrudishia fedha zake.

Njia nyingine ni kufikia bara Ulaya kisha kupanda treni ya Eurostar kutoka Paris, Brussels au Amsterdam. Treni hiyo hupita katika njia ya chini ya bahari iliyofunguliwa mwaka 1994, na tangu 2007 hufikia kituo cha St Pancras. Kutoka Paris ni mwendo wa saa mbili na robo hivi. Hata hivyo, viza ya Uingereza haimruhusu Mkenya kuingia Ufaransa, Ubelgiji wala Uholanzi; huko huhitajika viza ya Schengen. Ukaguzi wa Waingereza hufanywa kabla ya kupanda treni, hivyo asiye na stakabadhi kamili hurudishwa hapo hapo.

Msomaji atambue pia kwamba jina "London" kwenye tiketi halitoshi. Heathrow iko takriban kilomita 24 magharibi mwa jiji, Gatwick iko kilomita 45 hivi upande wa kusini, nazo Luton na Stansted ziko mbali zaidi upande wa kaskazini. Ni London City pekee iliyo karibu na katikati ya jiji.

Kutoka Heathrow, treni ya bei ya chini zaidi ni ile ya chini ya ardhi iitwayo Piccadilly, inayochukua karibu saa moja. Treni ya Elizabeth, iliyoanza kazi mwaka 2022, hufika Paddington kwa takriban nusu saa kwa nauli ya wastani. Heathrow Express huchukua dakika 15 tu, lakini kwa kawaida nauli yake ndiyo ya juu kuliko zote. Anayefika usiku wa manane anaweza kupanda basi nambari N9 hadi katikati ya jiji.

Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu Julai 2014. Abiria hugusisha kadi ya Oyster au ya benki kwenye mashine, na kila mtu sharti awe na yake. Kwenye treni za chini ya ardhi hugusishwa wakati wa kuingia na wa kutoka. Anayesahau kugusisha akitoka hutozwa nauli ya juu kabisa.

Teksi nyeusi zina mita, na madereva wake hutahiniwa kuhusu mitaa ya jiji. Teksi nyingine sharti ziagizwe mapema. Anayemfuata msafiri ukumbini akinadi gari lake anavunja sheria, na nauli atakayotaja haina mdhamini. Basi kabla ya kufunga virago, msafiri na aandike mambo matatu: jina la uwanja atakaotua, saa ya kutua na kituo kilicho karibu na anakokwenda.