Fondyu ya chokoleti

Fondyu ya chokoleti ni rojo la moto la chokoleti iliyoyeyushwa pamoja na krimu, maziwa au tui la nazi, linalowekwa katikati ya meza ili walaji wachovye humo vipande vya matunda, keki au maandazi kwa kutumia vijiti. Chombo chake hukaa juu ya moto mdogo au ndani ya maji moto, hivyo rojo haligandi mpaka watu wamalize kula. Mkoani Songwe mlo huu hauhitaji vyombo vya kuagizwa: sufuria mbili, jiko la mkaa au la gesi na fungu la vijiti vya mishikaki vinatosha, na mahitaji mengine hupatikana katika maduka na soko la Tunduma.

Fondyu ya kwanza haikuwa ya chokoleti. Ni chakula cha Uswisi, ambako jibini huyeyushwa katika mvinyo mweupe na kuliwa kwa vipande vya mkate. Ile ya chokoleti ilizaliwa New York katika miaka ya 1960, kwenye mkahawa wa Chalet Suisse wa Konrad Egli, mpishi wa asili ya Uswisi, na chokoleti iliyoyeyushwa ilikuwa Toblerone, ile yenye asali na lozi iliyoanza kutengenezwa mjini Bern mwaka 1908. Chakula kinachodhaniwa na wengi kuwa mila ya milima ya Alps kilianzia mezani pa mkahawa wa jiji, na biashara ya chokoleti ilikuwa na mkono wake humo.

Songwe ni mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao yake makuu yakiwa Vwawa. Zao lake la sifa ni kahawa ya Mbozi. Kakao ni ya majirani. Mkakao hutaka joto na unyevu mwingi, na nyanda za Mbozi na Tunduma ni za juu mno na baridi kwa mti huo. Unastawi Kyela, bondeni kando ya Ziwa Nyasa, karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, na katika sehemu za chini za Rungwe. Huko ndiko inakotoka sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania. Wakulima huvunja matunda, huchachusha mbegu kwa siku kadhaa zikiwa zimefunikwa majani ya migomba, huzianika juani, kisha huziuza kupitia vyama vya msingi na minada ya stakabadhi ghalani. Karibu zote husafirishwa nje zikiwa mbegu kavu. Viwanda vya chokoleti nchini ni vichache na vidogo, kwa hiyo pakiti inayouzwa Tunduma mara nyingi imetoka Kenya, Afrika Kusini, Uturuki au Falme za Kiarabu, ilhali shamba la kakao liko upande wa pili wa milima, safari ya nusu siku kwa barabara ya Uyole na Tukuyu.

Katika kuchagua chokoleti, jambo la kusoma kwenye karatasi ya pakiti ni aina ya mafuta. Chokoleti halisi ina siagi ya kakao, mafuta ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 34 za Selsiasi, chini kidogo ya joto la mwili. Ndiyo maana huyeyuka kinywani. Bidhaa nyingi za bei nafuu zimewekewa mafuta ya mimea, hasa ya mawese, badala ya siagi hiyo, na zilizidi kuonekana baada ya bei ya kakao duniani kuvuka dola 10,000 kwa tani mwaka 2024. Kwa fondyu, bidhaa hizi si mbaya sana: huyeyuka kwa urahisi na hazichagui sana. Kasoro yake ni ladha, kwa kuwa hubaki na utando wa mafuta kinywani na utamu wa sukari bila uchungu wa kakao. Chokoleti nyeusi yenye kakao asilimia 50 hadi 70 ndiyo inayofaa zaidi, kwa sababu ndizi na nanasi tayari ni vitamu. Chokoleti ya maziwa huwapendeza watoto. Nyeupe ndiyo ngumu kuliko zote. Ina maziwa na sukari nyingi, na huungua upesi.

Kinachoharibu fondyu nyingi ni maji, na hasa maji machache. Chokoleti ni chembe kavu za kakao na sukari zilizotapakaa ndani ya mafuta. Tone moja au mawili ya maji, au mvuke unaopenya bakulini, hulowesha sukari ikanata na kuzivuta chembe pamoja, na rojo lililokuwa laini hugeuka ghafla kuwa donge kavu lenye chengachenga. Mpishi asiyejua sababu huzidisha moto, na hapo huharibu kabisa. Dawa yake huwashangaza wengi: ni kuongeza majimaji, si kuyaondoa. Maziwa ya moto yakitiwa kijiko kimoja kimoja huku rojo likipigwa kwa mchapo au uma, sukari hupata maji ya kutosha kuyeyukia, chembe huachiana, na rojo hurudi kuwa laini. Ndiyo sababu fondyu, yenye krimu au maziwa mengi tangu mwanzo, ni salama kuliko chokoleti inayoyeyushwa peke yake kwa ajili ya kupamba keki. Hatari inabaki katika zile dakika za mwanzo, kabla ya majimaji kuingia, na katika kijiko kilichotoka kuoshwa bila kufutwa.

Kwa watu wanne, gramu 200 za chokoleti nyeusi huenda na mililita 150 za krimu. Chokoleti ya maziwa ikitumika, krimu ipunguzwe hadi mililita 100 hivi. Chokoleti hukatwakatwa vipande vidogo kwa kisu kikavu na kuwekwa bakulini. Krimu hupashwa moto mpaka ianze kutoa mapovu pembeni, humiminwa juu ya chokoleti, huachwa dakika 2 bila kuguswa, kisha hukorogwa polepole kuanzia katikati kwenda pembeni. Chembe ya chumvi husaidia. Pilipili manga au iliki kidogo ni hiari ya mpishi. Vipande visivyoyeyuka hushughulikiwa kwa kuliweka bakuli juu ya sufuria yenye maji moto, kitako cha bakuli kikiwa hakigusi maji. Kwenye miinuko ya Tunduma na Vwawa maji huchemka chini ya nyuzi 100, takriban 95, lakini tofauti hiyo haina uzito hapa, maana chokoleti nyeusi haipaswi kuzidi nyuzi 50 na ya maziwa 45. Sufuria yaweza kuepuliwa kabisa na maji yake yakatosha kumaliza kazi. Kuyeyusha chokoleti moja kwa moja juu ya mkaa ni kujitafutia harufu ya kuungua, na harufu hiyo ikishaingia haitoki kwa ufundi wowote.

Krimu ya pakiti haipatikani kila duka, na ikipatikana ni ghali. Maziwa mabichi yaliyochemshwa hufaa kwa kiasi kidogo zaidi, mililita 100 kwa gramu 200 za chokoleti nyeusi, pamoja na kijiko kikubwa cha siagi. Malai yanayokaa juu ya maziwa yaliyopoa yakikusanywa kwa siku mbili yanakaribia krimu kabisa. Mbadala bora, hata hivyo, ni tui zito la nazi, lile la mkamuo wa kwanza lisiloongezwa maji mengi. Lina mafuta ya kutosha, hufanya rojo ling'ae, na ladha yake hupatana na kakao vizuri kuliko krimu iliyokaa koponi miezi kadhaa. Lichujwe kwa kitambaa, kwa kuwa machicha machache tu huufanya ulimi uhisi rojo kama lenye mchanga.

Pasipo na chokoleti, unga wa kakao unatosha. Vijiko vikubwa 6 vya unga usio na sukari huchanganywa vikavu na sukari vijiko 6 ili visifanye madonge, maziwa kikombe kimoja huongezwa kidogo kidogo, na mchanganyiko huchemshwa kwa moto mdogo dakika 5 huku ukikorogwa, kisha hutiwa vijiko 2 vya siagi. Hapa kuchemka si kosa: unga wa kakao una wanga wake unaosaidia rojo kuwa zito. Matokeo si mazito kama ya chokoleti halisi, lakini yana ladha ya kakao zaidi ya pakiti nyingi za bei rahisi.

Aliyepata mbegu kavu za Kyela anaweza kuanzia mwanzo kabisa. Hukaangwa kwa moto mdogo, zikigeuzwa muda wote, mpaka maganda yaanze kupasuka na harufu ya chokoleti ipande. Hupetwa kwenye ungo baada ya kumenywa, kisha hutwangwa kinuni zikiwa bado na joto mpaka mafuta yake yatoke na kuwa uji mweusi. Kinu hakiwezi kusaga chembe ziwe ndogo kiasi cha ulimi kutozihisi. Kazi hiyo viwandani huchukua saa nyingi za mashine ya mawe, kwa njia iliyoanzishwa na Rodolphe Lindt mjini Bern mwaka 1879. Rojo la kinuni litakuwa na chengachenga na uchungu, hivyo huhitaji sukari, maziwa na chujio.

Kulitunza rojo likiwa la moto ni rahisi zaidi kwa kulitia bakuli ndani ya hotpoti yenye maji moto, ambayo huhifadhi joto kwa saa moja au zaidi bila moto wowote. Mshumaa mfupi chini ya kibakuli cha udongo hufanya kazi hiyo pia. Jiko la mkaa lisiletwe mezani ndani ya chumba kilichofungwa. Miezi ya Juni na Julai, baridi ya Mbozi na Tunduma huwashawishi watu kufunga madirisha na kuota moto ndani, na mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, yenye uwezo wa kuua watu waliolala au kukaa humo.

Vya kuchovya huamuliwa na soko. Ndizi mbivu za Rungwe, hasa kisukari, zikatwe zikiwa bado ngumu kidogo, zisivunjike kwenye kijiti. Nanasi na embe hukatwa na kukaushwa kwa kitambaa safi, kwa sababu maji yake hulegeza rojo na kulifanya liteleze bila kushika. Tufaha hupendwa kwa ugumu wake. Mengi ya Tunduma ni ya Afrika Kusini na hupita mpaka wa Nakonde, upande wa Zambia, na Aprili 2025, Tanzania ilipozuia kwa siku chache mazao ya Afrika Kusini na ya Malawi, ndizi ndiyo iliyobaki tegemeo. Maandazi ya jana, yaliyokauka kidogo, hushika chokoleti kuliko yaliyotoka mafutani. Keki isiyo na krimu, biskuti ngumu na chapati iliyokunjwa na kukatwa vipande hufaa. Korosho na karanga za kukaanga haziwezi kuchomwa kijiti, hivyo huwekwa sahanini zimesagwa ili kipande kilichochovywa kiviringishwe humo. Kila mlaji achovye mara moja kwa kila kipande, asirudishe kilichoumwa.

Rojo lililobaki likipoa huwa zito kama siagi na hukaa kwenye friji siku tatu au nne. Lenye tui lisizidi siku mbili. Hupakwa kwenye mkate, au hukorogwa vijiko viwili katika kikombe cha maziwa ya moto.