Katalogi Iliyoundiwa Tume

Mwaka 1847 Uingereza iliunda tume ya kifalme kuichunguza British Museum ya London. Miongoni mwa mambo yaliyowakalisha wajumbe vikaoni kwa muda mrefu ni swali ambalo leo lingeonekana la kikarani tu: kitabu kiandikwe vipi kwenye orodha ya maktaba?

Katikati ya ugomvi alikuwapo Antonio Panizzi, Mtaliano aliyekuwa msimamizi wa vitabu vya chapa tangu 1837. Aliikimbia Modena kwa sababu za kisiasa. Nyuma yake akahukumiwa kifo bila kuwapo mahakamani, kisha akaletewa madai ya gharama za kunyongwa kwake. Mtu aliyekwisha kudaiwa bei ya kitanzi chake hababaishwi na kelele za wasomaji.

Alipoingia, maktaba ilikuwa ikitumia katalogi ya juzuu 7 iliyochapishwa kati ya 1813 na 1819, nayo ilikuwa imepitwa na wingi wa vitabu. Panizzi na wenzake wakatunga kanuni 91, zikatoka 1841. Msingi wake ulikuwa mmoja: mkutubi aanze kwa kuuliza mwandishi ni nani. Jina lake likae juu, anwani ya kitabu ifuate kama ilivyochapwa, na matoleo yote ya kazi moja yapangwe pamoja. Anayekuja na jina jingine aelekezwe penye jina lililochaguliwa.

Yanasemwa kwa pumzi moja, lakini kuyatenda ni kazi. Mtunzi akijulikana kwa jina la kubuni, kama Voltaire, aandikwe hivyo au kwa jina lake la kuzaliwa, Arouet? Kitabu kisicho na mwandishi kiwekwe chini ya neno lipi? Ukikosea, kitabu kipo rafuni, ila msomaji ataambiwa hakipo.

Wakosoaji waliona ni kupoteza muda. Mwanahistoria Thomas Carlyle, alipokuwa akitafiti Mapinduzi ya Ufaransa, alilalamika kwamba alibaki juu ya ngazi akisoma migongo ya vitabu, kwa sababu rundo la vijitabu vya Mapinduzi halikuwa na katalogi. Kwake, orodha yoyote ilikuwa afadhali kuliko kukosa.

Kisha akajitokeza John Payne Collier, katibu wa tume yenyewe, akidai kwamba maelezo mafupi yangetosha na kazi ingekwenda haraka. Ili kuthibitisha, aliorodhesha vitabu 25 vya nyumbani kwake. Orodha hiyo ikapelekwa kwa Winter Jones, msaidizi wa Panizzi, naye akaipitia mstari kwa mstari na kukuta makosa tele, ya aina nyingi, katika vitabu ambavyo Collier mwenyewe alikuwa navyo mkononi. Tume ilipotoa ripoti yake 1850, ilisimama upande wa Panizzi.

Yaliyofuata yalikuwa zaidi mabadiliko ya chombo: kutoka kitabu kwenda kadi, kisha kompyuta. Wafaransa walikwisha kutumia migongo mitupu ya karata za kuchezea mwaka 1791, walipoorodhesha vitabu vilivyotaifishwa kutoka kwa Kanisa. Mmarekani Charles Cutter aliandika mwaka 1876 kwamba katalogi imwezeshe mtu kupata kitabu akijua mwandishi, anwani au mada yake. Ndipo kitabu kimoja kikawa na kadi kadhaa, kila moja kwenye droo yake. Katika miaka ya 1960 Henriette Avram wa Library of Congress alibuni MARC, mfumo wa kuifanya kadi isomeke na kompyuta. Shirika la OCLC la Ohio lilichapa kadi zake za mwisho mwaka 2015.

Swali la Panizzi, hata hivyo, halikustaafu na droo. Mwaka 1961 wataalamu waliokutana Paris walikubaliana kwamba jina la mwandishi lipangwe kwa desturi ya nchi yake, kwa kuwa si kila mtu duniani ana jina la ukoo. Muyaka bin Haji wa Mombasa hafai kupelekwa kwenye H kama kwamba Haji, baba yake, ndiye aliyetunga mashairi.

Afrika Mashariki inao mfano wake mzuri. *Weep Not, Child* ilipotoka 1964, jaladani palikuwa na jina James Ngugi. *Petals of Blood*, ya 1977, ilitoka kwa jina Ngũgĩ wa Thiong'o. Mtu ni mmoja, na mahali pake katika katalogi ni N, si T. Ili anayeandika "James Ngugi" kwenye kompyuta apate vitabu vyote viwili, lazima kuwe na mkutubi aliyeyaunganisha majina hayo, pamoja na tahajia isiyo na alama juu ya "u" na "i", maana vibodi vingi havina herufi hizo.