Pikipiki ya Bwana Shamba: Mikono Mitano, Daftari Moja

Ndugu wana-Masuguru, mlio nyumbani na mlio mbali,

Mwaka huu, katika ukurasa wetu wa historia, tumechagua kuandika habari za pikipiki. Wengi mnaijua: ile Honda XL 125 nyekundu, yenye gurudumu la mbele kubwa na jembamba. Mpaka leo ikipita, wazee huitambua kwa mlio kabla hawajaiona.

Tuanze na zama zake. Pikipiki za namna hii zilitoka Japani: Yamaha DT-1 mwaka 1968, Honda XL 250 mwaka 1972. Zilitengenezwa zaidi kwa watu wa nchi tajiri waliopenda kwenda porini kwa starehe. Mwishoni mwa mwaka 1978 Wafaransa walianzisha mashindano ya kutoka Paris hadi Dakar, na mshindi wa kwanza upande wa pikipiki alikuwa juu ya Yamaha XT 500. Kwetu porini ndiko kazini. Mwaka 1972 Tanzania na Ujerumani Magharibi zilianzisha TIRDEP, mpango wa maendeleo vijijini mkoani Tanga. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Nyumba zilisogezwa pamoja, mashamba yakabaki mbali. Bwana shamba, bwana afya na mratibu elimu walitakiwa wafike kila mahali, na masika yakishika, gari lilikwama pale ambapo pikipiki ilipita.

Siku hizo watu walibishana kuhusu DT na XL kama wanavyobishana leo kuhusu Simba na Yanga. DT ilichoma oili pamoja na petroli, ikatoa moshi na kuchomoka kwa haraka. XL haikuwa na papara, na lita moja iliifikisha mbali, ila ilikuwa na sharti moja: oili ibadilishwe kwa wakati. Sharti hilo ndilo kiini cha habari yetu.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Bwana Shamba, ingawa kwa haki pikipiki ilikuwa mali ya umma. Ilikuwa baada ya vita vya Kagera, mafuta yakiwa adimu, hata magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili mchana. Bwana Shamba alinunua daftari la shule. Kila alipobadilisha oili, kukaza cheni au kusafisha plagi, aliandika tarehe, kilomita na kazi iliyofanyika. Hakuna aliyemwagiza.

Mkono wa pili ulikuwa wa Mwalimu. Aliinunua mnadani, serikali ilipouza vitu vyake chakavu. Wenzake walimcheka kwamba amenunua chuma. Jioni ile Bwana Shamba alitembea kwa miguu mpaka nyumbani kwake kumkabidhi daftari. Mwalimu akaendelea kuandika, kwa mwandiko ule ule mzuri wa ubaoni, mpaka alipostaafu.

Mkono wa tatu ulikuwa wa Fundi mmoja wa Manundu, Korogwe. Yeye hakuwa mtu wa kalamu, lakini alijua thamani ya alichokishika. Wateja walitaka aichinje wapate spea, alikataa. Alibadilisha pistoni na ringi, akapanga spoki upya, na katika daftari akaandika kwa herufi kubwa vifaa vya pikipiki nyingine vinavyoweza kuingia. Kurasa hizo ndizo zilizoiokoa baadaye, spea za XL zilipoadimika.

Mkono wa nne ulikuwa wa kijana wetu wa bodaboda. Zilikuwa zama mpya: pikipiki za Kichina na za Kihindi zimejaa, kanuni za mwaka 2010 zimeruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, na lami ya Korogwe hadi Handeni, kilomita 65, imebadilisha safari zetu. Yeye aliitaka XL kwa njia zisizo na lami. Ilibeba mahindi, ilibeba wagonjwa, ilibeba akina mama usiku. Lakini ukifungua daftari, hapo pana kurasa nne tupu. Baada ya kurasa hizo kuna mstari mmoja tu: injini imenoki. Kijana mwenyewe ametuomba tusiufiche mstari huo. Aliuza mbuzi wake akaitengeneza, na tangu siku ile hakuruka tarehe hata moja.

Mkono wa tano ni wa Nesi, anayekwenda nayo vitongojini na sanduku la baridi la chanjo nyuma. Daftari sasa ni la tatu. Mawili ya kwanza yamefungwa kwa uzi na kuwekwa kabatini.

Ndugu zetu, tungeweza kuishia hapo tukasifiana. Lakini historia ya kweli ina upande wa pili, nao unatuhusu sisi wenyewe. Kwa michango yenu tuliwahi kununua pikipiki nyingine, mpya kabisa, kwa kazi hiyo hiyo. Tulipiga picha, tulikata utepe, tulipiga makofi. Hatukutenga hata shilingi ya oili. Kila aliyeiendesha alidhani mwenzake ameihudumia. Leo imeegeshwa nyuma ya ofisi, na kuku wanalala juu ya siti. Hakuna aliyeiba wala aliyeiharibu makusudi. Ilikosa mwenyewe, na ilikosa daftari.

Ile nzee ilipita mikono mitano, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa tajiri. Kilichoidumisha ni kwamba kila aliyeipokea alipokea na wajibu wake.

Kwa hiyo mwaka huu tunaleta pendekezo mbele ya mkutano: katika kila shilingi kumi mtakazochanga, moja iingie kwenye mfuko wa matengenezo na isiguswe kwa jambo jingine. Kila kitu tutakachonunua, kiwe pampu, dawati au paa la darasa, kiwe na mtu wa kukitunza na daftari lake, nalo lisomwe mkutanoni kila mwaka. Kazi ya kwanza ya mfuko huo iwe kuifufua ile pikipiki iliyo nyuma ya ofisi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tumeshaujenga mara moja, na gharama yake tunaijua.

Karibuni nyumbani. Madaftari yote matatu yatakuwa mezani siku ya mkutano, njooni myasome.